Kitanda cha Miguu Mifupi

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Nyalikungu alikuwa anapaka chokaa ukuta wa duka lake. Nilikuwa napita na kikapu changu cha sokoni, nina haraka zangu, na ile harufu ya chokaa mbichi ikanikamata puani nikasimama. Jirani akadhani nimekuja kumkosoa kazi, maana jina hilo ninalo mtaani. Nikamwambia hapana, endelea, nanusa tu. Akacheka. Lakini mimi wakati huo sikuwa pale kwake tena. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama kwenye mlango wa kikanisa cha wazee, nimevaa gauni la kuazima, na mfukoni nina ufunguo wa wizi.

Nianze na nyumbani, kwa sababu bila nyumbani habari ya ufunguo haieleweki. Tulikuwa tunakaa pembeni mwa mji wa Bariadi, pale ambapo nyumba zinaanza kuachana na mashamba ya pamba na mtama yanaanza. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na sebule, imezungushiwa uzio wa minyaa, na aliyeijenga ni baba kwa mikono yake. Baba alikuwa seremala. Kibanda chake cha kazi kilikuwa barabarani, mwendo wa dakika chache tu, na kila jioni alirudi na maranda kwenye nywele. Kazi yangu ilikuwa kuyaokota moja moja huku akinisimulia nani kaagiza mlango na nani kaagiza kabati.

Halafu bibi akaja. Alikuwa mama yake mama, mtu wa Shishiyu. Mjomba, mtoto wake wa pekee wa kiume, alikuwa amefariki, mvua ikaangusha ukuta wa nyumba ya bibi, na macho ya bibi yalikuwa yameanza kufifia hadi akawa anatia chumvi kwenye chai. Mama akamfuata, akarudi naye akiwa na kibegi kimoja na jogoo. Siku ileile bibi alipoingia ndani, baba alitoka. Alichukua blanketi lake akahamia kibandani, akawa analala juu ya meza ya kazi katikati ya mbao. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Sisi wa umri huu tunakumbuka: watoto hatukuelezwa mambo. Tuliyaona, tukajitafsiria wenyewe, na tafsiri zangu mimi zilikuwa mbovu.

Nilichokiona ni hiki. Baba alipokuja nyumbani mchana kuoga au kubadili shati, alisimama nje ya minyaa akakohoa mara tatu. Bibi akisikia kikohozi kile aliacha alichokuwa anafanya, hata kama ungo wa mtama uko mikononi, akajifunika kanga na kuingia chumbani. Wakikutana njiani kwa bahati mbaya, baba alichepuka akaingia kwenye pamba ya watu kama aliyeona nyoka, na bibi akageukia upande wa pili. Hawakula pamoja. Hawakusalimiana. Likiwapo jambo la lazima, nilitumwa mimi. Baba alisimama nyuma ya ukuta akasema, "Mwambie bibi yako dawa ya macho nimeipata." Bibi yuko hatua tatu kutoka pale, masikio yake mazima kabisa, lakini alikaa kimya mpaka niingie nimwambie. Ndipo akajibu, "Mwambie baba yako, wabeja sana." Nikatoka nje kumwambia baba shukrani aliyokwisha kuisikia.

Mwanzoni nilikipenda cheo hicho cha ujumbe. Baadaye kikanichosha, na mwisho kikawa kinaniuma, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukata shauri kwamba baba anamchukia bibi. Kama umekulia Usukumani, najua unanicheka. Nivumilie. Nilimpenda bibi kupita kiasi, nilimpenda baba vilevile, na miaka miwili nilikaa katikati yao kama ukuta.

Kiangazi cha mwaka wa pili, pamba imeshauzwa na watu wana nafasi ya kuagiza fanicha, sista mmoja alifika kibandani kwa baba. Alikuwa msimamizi wa yale makao ya wazee yaliyoko kwenye kilima cha mawe, upande wa kwenda Sapiwi. Mimi nilikuwa chini ya meza, naokota misumari iliyopinda.

"Nataka kitanda kimoja, fundi," sista alisema. "Cha mbao, kisiwe kipana. Miguu iwe mifupi."

"Mifupi kiasi gani, sista?"

"Akikaa, nyayo ziguse chini. Ni bibi mmoja mfupi, na macho yake hayaoni vizuri. Nikimpa vile vitanda vyetu vya chuma ataanguka."

Baba akachomoa penseli sikioni, akaandika kwenye kipande cha ubao. "Haya, sista. Wiki ijayo kitakuwa tayari."

Nilibaki chini ya meza na misumari yangu. Nilimjua bibi mfupi mmoja tu asiyeona vizuri. Na makao yale nilikuwa nayajua kwa sifa, kama mtoto yeyote wa Bariadi. Ukikataa kumchotea bibi yako maji, jirani alikuuliza kama unataka apelekwe kwa masista. Kwetu, mzee aliyepelekwa kule alikuwa ni mzee ambaye watu wake wamemshindwa, na watu wake walitembea wameinamisha kichwa.

Wiki ile baba alifanya kazi huku anapiga mluzi. Aliupiga randa ubao wa mninga mpaka ukawa laini, akaniita, "Hebu kaa hapo nione." Nikakaa. Nyayo zangu ziligusa chini. Akafurahi, akanipa andazi. Nililila nikiwa na hasira, na nasema kweli, sijawahi kula andazi chungu kama lile. Nyumbani nako nilimkuta mama anafua nguo zote za bibi, hata zilizo safi, anazikunja moja moja na kuziweka kwenye kile kibegi, macho yamemvimba. Nilipomuuliza kuna nini akasema moshi.

Sasa, mwaka ule ndio nilikuwa darasa la komunyo ya kwanza. Katekista wetu, Mwalimu Masanja, alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kanisa la parokia upepo ulikuwa umeling'oa mabati, hivyo akatutangazia kwamba kitubio chetu cha kwanza tutakifanyia kwenye kikanisa cha wazee, na kabla ya hapo tutafanya matendo ya huruma: wavulana watapaka chokaa, wasichana watafagia vyumba na kufua mashuka. Kila mtoto aje na kipande cha sabuni, au chumvi, au bakuli la michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa. Watoto wenzangu walishangilia kwa sababu tutapanda tela la trekta. Mimi niliona jambo moja tu: nakwenda kuona mahali ambapo bibi yangu atatupwa.

Tuliondoka asubuhi, watoto thelathini na kitu, tumebanana kwenye tela lililokuwa bado na pamba imenasa kwenye mbao. Njia nzima tulikuwa tunabadilishana dhambi. Mwalimu Masanja alikuwa ametufundisha kwamba huwezi kwenda kwa padre mikono mitupu, na wengi wetu hatukuwa na kitu cha maana. Minza, rafiki yangu, alikuwa na dhambi tatu nzuri, moja ya kulamba maziwa ya mgando na kumsingizia paka. Akaniazima hiyo. Nikamshukuru nikaishika.

Tulipofika, nilishangaa. Nilikuwa nimetegemea mahali pa giza. Palikuwa peupe. Mapadre wa zamani waliojenga makao yale walikuwa wametumia mawe ya kilima chenyewe, na vyumba vilipangwa mistari miwili vikitazamana, sita huku na sita kule, katikati uwanja uliofagiwa. Kikanisa kilikaa kichwani, mahali ambapo mistari miwili ingekutana. Hakikuwa kikubwa kuliko darasa. Paa la vigae, mlango mfupi, na badala ya kengele palining'inia ringi ya gurudumu la lori pamoja na nondo ya kuigongea.

"Mwangaluka, bana bane," alitusalimu mzee mmoja aliyekuwa amekaa kando ya ile ringi. Tukapiga magoti sisi wasichana, wavulana wakainama, tukaitikia kwa pamoja kama shuleni. Aliitwa Mzee Ngassa, na kazi yake ilikuwa kugonga ringi na kutunza kikanisa. Mwalimu Masanja akamwomba atuonyeshe. Alijivuta kwa magongo mawili, akatuingiza ndani, na nikaona kwamba alijivunia mahali pale kama mwenye ng'ombe anavyojivunia zizi lake.

Alituonyesha mabenchi yaliyobonyea mahali pa kukalia kwa sababu ya watu kukaa humo tangu enzi za babu zake. Alituonyesha kwamba ukuta wa nyuma haukuwa ukuta kamili, ulikuwa na madirisha mapana yanayotazama uwanjani. "Wale mapadre walikuwa na akili," alisema. "Kila chumba dirisha lake linatazama huku. Padre akisema Bwana awe nanyi, aliyelala kitandani hawezi kuinuka, anaitikia hukohuko. Mkisali Jumapili hapa mtasikia sauti zinatoka vyumbani. Mgeni anaogopa."

Watoto wakacheka. Mimi sikucheka. Wengine walipotoka nilibaki nyuma nikamuuliza, kwa adabu yote ya kumwita babu, "Guku, ninyi hapa mmefukuzwa nyumbani?"

Alinitazama kidogo. "Mimi nimefukuzwa na miguu," alisema. "Sina mke, sina mtoto. Miguu ilipokataa, nikasema twende kwa masista. Wengine wamefukuzwa na watu, ni kweli. Wengine wamekuja wenyewe." Akanigusa kichwani kwa kitako cha gongo. "Nenda kafagie."

Hilo la wenye kuja wenyewe halikuniingia. Niliona anapamba tu.

Tukagawana vyumba. Mimi na Minza tulipewa vitatu vya mwisho upande wa mashariki. Viwili vilikuwa na wenyewe: bikizee mmoja aliyetuimbia tukifagia, na mwingine aliyelala amegeukia ukutani asiseme neno. Cha tatu kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimepakwa chokaa siku hiyohiyo, kuta bado zina unyevu, na harufu ilikuwa kali hata macho yakauma. Katikati ya chumba kilikuwa kimekaa kitanda cha mninga, chembamba, cha miguu mifupi. Nilikijua hata kabla sijakigusa. Kwenye ubao wa kichwani palikuwa na fundo jeusi la mti lenye umbo la figo, na baba alikuwa ameniambia kwamba fundo halikatwi, linaachwa kama pambo.

Minza alikuwa amekwenda kuchota maji. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye komeo, na ufunguo ndani yake. Sikufikiri sana. Nilitoka nje, nikavuta mlango, nikalifunga kufuli, nikachomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Hesabu yangu ilikuwa ya kitoto na niliiamini kabisa: chumba kikifungwa, bibi hana pa kuletwa. Masista watasema hakuna nafasi. Baba atakasirika, lakini hatajua ni nani.

Minza akarudi na ndoo. "Mbona umefunga?"

"Sista kasema pameshafagiwa." Hiyo ikawa dhambi ya pili, nayo haikuwa ya kuazima.

Baada ya chakula padre akafika kwa pikipiki. Alikuwa mzee mwenye kikohozi, akaketi kwenye kiti kando ya altare nyuma ya shuka lililotundikwa kwenye kamba, na sisi tukapanga foleni mlangoni. Wavulana walikuwa na chokaa hadi kwenye kope. Minza aliingia akatoka kwa haraka, amepewa Salamu Maria tatu. Foleni ilikuwa inasogea na ufunguo ulikuwa unagonga paja langu kila hatua. Nilijua kwamba nikisema ile ya maziwa na kunyamaza hii, Mwalimu Masanja alikuwa ameshatuambia jina la jambo hilo, na lilikuwa jina la kutisha: kufuru. Nikisema, bibi anakwenda. Sikuwahi kuwa na chaguo baya namna ile, na sikumbuki kama nimewahi kuwa nalo tena.

Nilipiga magoti. Nikasema ya maziwa na paka. Padre akasubiri. Nafikiri alisikia kwamba nahema.

"Na nyingine?"

"Nimeiba ufunguo, padre."

"Wa nini?"

"Wa chumba cha hapa. Ili bibi yangu asiletwe." Nikaanza kulia, na nilipoanza sikuweza kuacha. Nikamwambia yote, baba, kikohozi cha mara tatu, kitanda.

Padre akakohoa. "Bibi mwenyewe anasemaje?"

Swali hilo sikuwahi kujiuliza. Miaka miwili nilikuwa nimebeba maneno ya bibi kwenda na kurudi, na sikuwahi kumuuliza neno langu mwenyewe.

"Sijamuuliza."

"Basi malipizi yako ni mawili. Urudishe ufunguo kwa mkono wako. Ukifika nyumbani, umuulize bibi."

Nilimkuta sista jikoni. Nilinyoosha mkono nikasema nimeuiba. Hakunifokea. Aliuchukua, akanitazama, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia jina la mama, uso wake ukabadilika, ukawa laini. "Kumbe ni wewe," alisema. "Mwambie bibi yako asiwe na haraka. Chumba kinamsubiri." Hapo matumaini yangu yote yakaisha. Njia nzima ya kurudi wenzangu waliimba, na Minza alinishika mkono bila kuniuliza kitu. Nimemkumbuka kwa hilo maisha yangu yote.

Bibi nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, anakata viazi vya michembe kwa kupapasa. Vipande vyake vilikuwa sawasawa kuliko vya wenye macho.

"Bibi," nilisema, "baba anakupeleka kwa masista?"

"Nani kakwambia ni baba yako?"

"Nimekiona kitanda. Baba ndiye katengeneza."

Kisu kikasimama. "Katengeneza yeye?" Akakiweka kisu kando. "Yaya, mayu, hapana. Baba yako hajui kitu. Sista anamjua mama yako, hajui kama fundi ndiye mume wake. Nimeomba mimi. Nilikwenda na mama yako, nikamkataza asiseme."

"Kwa sababu baba anakuchukia?"

Bibi alicheka hadi akafuta macho kwa pindo la kanga. "Anichukie? Mtu aliyeniachia nyumba yake? Yule ni mkwe wangu, mayu. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala halali naye paa moja. Hiyo ndiyo heshima. Angekuwa ananidharau angekaa humuhumu, anipite kama anavyopita kuku." Akashika kiazi kingine asikikate. "Ndiyo maana naondoka. Mwanaume kajenga nyumba, analala juu ya meza. Mama yako analala peke yake kama mjane. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekula miaka miwili, na jembe siliwezi. Naona aibu."

Kila mama alipotaka bibi ajengewe kibanda chake, bibi aliniambia, alikataa yeye mwenyewe, akidai ni mpita njia na ataondoka mtama ukivunwa. Mtama ukavunwa mara mbili. Nilikaa pale kwenye mkeka nikiwa nimejaa aibu yangu mwenyewe, kubwa kuliko ya ufunguo. Kila nilichokiita chuki kilikuwa heshima, na nilikuwa nimemnunia baba miaka miwili kwa ajili ya wema wake.

"Baba yako usimwambie," bibi akasema.

Nilikuwa sijawahi kupeleka ujumbe ambao haukutumwa. Kesho yake mchana, nilipompelekea baba ugali kibandani, niliupeleka huo. Nilisema haraka haraka nikiwa nimesimama mlangoni, ili akinikataza niwe nimeshamaliza. Kwamba kitanda kile ni cha bibi. Kwamba ameomba mwenyewe. Kwamba anataka baba arudi kwenye nyumba yake.

Baba aliiweka randa juu ya meza. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

Akakaa juu ya gogo. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena. Ugali ulipoa. "Nimekipiga msasa mara mbili kile," alisema, akiwa haniambii mimi.

Jua lilipokuwa linaelekea kushuka, kikohozi kikasikika kwenye minyaa, mara tatu kama kawaida. Bibi akaingia chumbani. Lakini baba hakwenda kuoga. Alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama chini ya dirisha la bibi, akaegemeza mgongo ukutani, uso akauelekeza mashambani. Mama alikuwa jikoni, akatoka akasimama na mwiko mkononi.

"Mwambie bibi yako," baba alisema, "nimesikia habari za kitanda."

Nikaingia nikasema. Bibi akageuza uso kwangu, akanitazama kwa yale macho yasiyoona vizuri, na nilijua kwamba amejua ni nani msaliti.

"Mwambie baba yako anisamehe. Nilitaka arudi kwake."

Nikatoka nikasema.

"Mwambie kwamba mama yangu alikufa mimi sijajua hata kushika msumeno. Sikumjengea kitu. Mwambie asininyime na mama huyu."

Maneno hayo sikuweza kuyabeba. Niliingia, nikasimama mbele ya bibi, nikashindwa. Hakunihitaji. Alikuwa ameshaivuta kanga mpaka kwenye kidevu, na kanga ilikuwa inatikisika. Mwishowe akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayetafuta kasoro, "Mwambie tutakuwa tunaonana asubuhi na jioni. Watu watasema nini?"

"Mwambie mlango nitauelekeza kwenye mtama. Na katikati nitapanda minyaa. Yeye ana njia yake, mimi nina njia yangu."

Nikaingia. Bibi aliupapasa ukuta mpaka akalishika dirisha. Nje baba hakusogea.

"Mwambie," bibi akasema, "dirisha lisiwe kubwa. Mimi nasikia baridi."

Kabla sijafika nje nilimsikia baba anahesabu hatua uani, anapima. Mama alirudi jikoni, akakaa chini kwenye kigoda, akalia kwa raha, na ugali wetu siku ile uliungua.

Matofali aliyafyatua mwenyewe, na wiki chache kabla ya mvua nyumba ndogo ilikuwa imesimama, imeipa mgongo nyumba kubwa kama mtu aliyenuna. Baba akarudi kwake. Kitanda cha mninga kilibaki kwa masista, ambako kuna bibi mwingine mfupi alikilalia. Baba alitengeneza cha pili, na nilikikalia kukipima, na safari hii nilikula maandazi mawili. Bibi aliishi mle mpaka namaliza sekondari. Nilikuwa bado mjumbe, hata nilipokuwa nimemzidi bibi urefu.

Alifariki asubuhi moja baada ya uji, bila kusumbua mtu. Baba alinipa kamba nikampime, akatengeneza jeneza peke yake, na wakati wa kuaga mwili alikuwa makaburini na wachimbaji. Siku ya tatu, watu wameshaanza kutawanyika, nilimkuta amekaa mbele ya ile nyumba ndogo, upande wa mlangoni, ambako hakuwahi kukaa. Mtama ulikuwa umefika kiunoni. Nikakaa karibu naye.

"Hivi," aliniuliza, "bibi yako alikuwa na sura gani?"

Nilidhani ni uchovu. "Baba, hujawahi kumwona?"

"Nimeziona kanga zake. Nimeuona mgongo wake akiingia ndani. Uso sikuutafuta."

Mama alikuwa na picha yake, ile ndogo ya kitambulisho, ndani ya Biblia. Nikainuka nikailete. Baba akanizuia kwa mkono.

"Hapana," alisema. "Hiyo nitakuwa namtazama. Niambie tu wewe."

Nikakaa tena. Baba akakigeuza kiti chake, akanipa mgongo, na mimi nikaanza kumweleza, taratibu, kuanzia paji la uso.